Kifaru Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, mimi ni Felisiani, seremala wa hapa Karatu, nataka kumwoa Naipanoi, binti wa mzee Moringe wa Malambo, na kosa langu ni kwamba nilipokwenda kujitambulisha nilijisifu kuwa Landrova yangu nimeinunua ikiwa mpya, kumbe niliipata kwa kampuni ya kutembeza watalii iliyouza magari yake baada ya mpaka kufungwa na watalii kukoma, na kila mlango una beji ya bati yenye kifaru, ambayo nimeizoea hata siioni. Mzee akalizunguka gari kama anakagua mtamba mnadani, akamgonga kifaru kwa fimbo.

"Wewe Mmbulu, hii chapa ya nani?"

"Ni pambo tu, baba."

"Ng'ombe wangu nampiga chapa ajulikane ni wangu. Huyu wako ana chapa ya mtu, halafu unasema amezaliwa kwako?"

Wazee waliokaa naye wakacheka, nami nikacheka nao, nikasema kiwandani walikosea, nitaitoa. Naipanoi akanivuta kando: "Mwambie kweli. Baba haogopi gari kuukuu, anaogopa mkwe mwizi." Nikaona aibu, nikarudi Karatu, nikachokonoa beji ya kushoto kwa bisibisi, rangi ikabanduka ukubwa wa chapati na kifaru hata hakutikisika, na sasa jirani ananiambia nipake oili ya breki. Jumamosi wazee wanaamua kama posa yangu inapokelewa. Nizitoeje bila kuharibu rangi, mzee asijue?

*Felisiani, Karatu*

Felisiani,

Pole kwa mlango. Kwa uongo sikupi pole. Oili ya breki usiiguse, inakula rangi kuliko bisibisi yako. Na wewe seremala mzima, kabati la mteja ungelichokonoa hivyo? Beji hizo zimeshikwa na nati kwa ndani. Fungua kifuniko cha ndani cha mlango, zidondoshee mafuta ya taa, ziache zilainike, ndipo uzilegeze kwa spana. Beji ikiwa imegandia rangi, ikande kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha pitisha uzi wa nailoni nyuma yake, uvute huku na huku taratibu. Itatoka.

Ila jua limepausha gari lako lote isipokuwa chini ya beji. Ukimbandua kifaru wa bati, atabaki kifaru wa rangi, anang'aa, na vitundu vyake. Utampelekea alama hiyo mtu aliyesoma ngozi za ng'ombe maisha yake yote? Mnunuzi haoni haya kwa chapa ya muuzaji. Anayeifuta kwa siri ni mwizi. Leo wewe ni mwongo tu, usijipandishe cheo.

Jumamosi nenda na vifaru wako wote wawili, karatasi ya mauzo, na mtu aliyeshuhudia ukinunua. Kabla hujapewa chai, sema: "Baba, nilikudanganya. Gari lilikuwa la watu." Watakucheka. Kaa uchekwe. Kisha omba ruhusa utoe chapa ya mwenyewe wa zamani hapo hapo, mbele yao, kwa spana, bila haraka, na umkabidhi mzee mkononi.

Na ushauri huu binti alishakupa bure, kwa maneno machache kuliko yangu. Wakikupa mke huyo, uwe unamsikiliza kabla hujanunua stempu ya kuniandikia.