Maji ya Kopo

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu, nilikuwa nimelazwa.

Mboga ulizoniletea za kopo nilizila zote, na maji yake nikayanywa, kwani kule misheni tulizoezwa kutobakiza kitu. Ule mtama wako usiokobolewa niliwapa kuku.

Daktari alipima presha, akaniuliza nakula nini, nikamweleza yote, akaruka kitini. “Mzee, maji yale ni chumvi tupu! Yamwage, suuza mboga, ule na huo mtama. Kuku wako wanakula vizuri kukushinda!”

Kumbe nilikaribia kumfuata marehemu mama yenu, nami kila kopo nakuombea baraka!

Tafadhali usijilaumu, mwanangu.

Anayekuletea barua hii ni wifi yako, ambaye pia amenificha kifungua kopo.

Baba mkwe wako