Anayeninyoosha Miguu

Baba,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa hunijibu nitasema mpaka nimalize. Mtu hafi mwanawe akiwa amelazwa. Mgonjwa nilikuwa mimi, pembeni ya kitanda changu ndipo watu walinong'ona kwamba sitapona. Halafu wewe mzima, uliyetoka Gongo la Mboto kila asubuhi kuja wodini, ukaanguka kwenye kibanda chako cha vinyago Mikocheni, patasi mkononi.

Unakumbuka ulivyonikuta? Ganzi ilianzia vidoleni, ikapanda magotini, ikafika kiunoni, na ndani ya siku nne nilikuwa siwezi hata kugeuza kichwa. Madaktari walisema kinga ya mwili wangu imenigeuka, inashambulia mishipa yangu ya fahamu. Wewe uliuliza swali moja tu: "Sasa mie nifanye nini?" Neema, dada wa mazoezi ya viungo, akakufundisha. Sukuma unyayo kuelekea kwenye ugoko, shikilia, hesabu thelathini. Usipofanya hivyo kifundo kitakakamaa na hatatembea tena. Ukaifanya kazi hiyo kama unavyopiga msasa mpingo, bila haraka, huku ukinitania kwamba nina miguu ya bata. Ngozi yangu haikusikia shuka wala sindano. Kiganja chako nilikisikia, na lile kovu la patasi kwenye kidole gumba.

Ulikuja siku kumi. Halafu... sikujua kama kuna halafu.

Kwetu mgonjwa hapewi habari ya msiba, na ndugu zako walilishika hilo barabara. Mama alipotea siku sita, akarudi amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, kwenye joto lile. Kumbe walimnyoa. Kaka Beno akaniambia, "Mzee kaenda Newala kuvuna korosho." Nikamcheka. "Newala ipi? Si katoka hapa sasa hivi?" Beno akageukia dirishani, nami nikafikiri ana mafua.

Maana ulikuwa unakuja, Baba. Saa nne, wakishamaliza kufagia wodi. Sikuweza kuinua kichwa nikuone, lakini nilisikia harufu ya vumbi la mpingo, kisha kiganja, kisha kovu. Ulikuwa umeacha kuhesabu kwa sauti. Nilidhani umechoka.

Neema alirudi kutoka likizo baada ya zaidi ya mwezi. Akavizungusha vifundo vyangu, akashangaa, kwa sababu mwenzangu wa kitanda cha pili, aliyepooza kama mimi na tuliyeingia naye wiki moja, nyayo zake zilikuwa zimeshakakamaa. "Nani anakunyoosha? Manesi wanasema hakuna mtu." Nikasema baba, kila siku, hata leo. Mama alikuwa amesimama pale na chupa ya uji. Aliketi sakafuni polepole, na hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyenitamkia.

Niliogopa, sikufichi. Nilitetemeka sehemu zile tu zilizokuwa na uwezo wa kutetemeka. Kesho yake saa nne nilikuwa nakusubiri.

Sasa niko nyumbani. Mikono imerudi, ndiyo hii inayoandika vibaya. Beno amechimbia miti miwili uani ili nisimame katikati yake, na Neema huja kila Alhamisi. Kusimama nasimama, ila miguu haiinuki. Nikilala unaniinulia wewe, nikisimama nakusubiri. Neema, ambaye sijamwambia kwamba bado unakuja, alinisema wiki iliyopita: "Unasubiri nini, dada? Misuli inajifunza sasa hivi. Ukichelewa utabaki hapo hapo."

Nilijua nasubiri nini. Sikukuzika. Sikukuaga. Mkono ule ndio pekee niliobaki nao, na nilikuwa tayari kulala maisha yangu yote ilimradi usiniache. Naona aibu kuliandika hili.

Jana saa nne ulikuja. Mwanga umejaa chumbani, Mama anapeta mchele nje, shuka limelala tambarare, hakuna palipobonyea. Lakini unyayo wangu ukaanza kwenda juu. Mkono wako ulikuwa wa baridi, Baba, na ulishika kwa nguvu kuliko zamani. Nikahesabu mwenyewe. Thelathini ikapita. Hamsini. Nikasema, "Baba, inatosha." Hukuachia.

Nikauvuta. Mguu wa kulia, kwa nguvu zake wenyewe, ukakunja goti ukatoka mkononi mwako. Mwendo wake wa kwanza baada ya miezi saba, na ulikuwa wa kukukimbia wewe.

Mama aliingia, akaona goti limesimama, akapiga vigelegele. Mimi nililia hadi kwikwi, naye akadhani ni furaha.

Leo saa nne imepita. Hukuja.

Nisamehe. Pumzika huko Newala walikokupeleka bila mimi. Nitakuja, naahidi, na kutoka barabarani hadi kaburini nitatembea mwenyewe. Kwaheri, Baba. Nikianguka njiani, usinishike.

Mwanao,
Skola