Posa ya Mzee Projestus

Mbezi Luis,
2 Juni 2024

Mke wangu Eufrazia,

Shikamoo. Naamini hujambo, magoti hayajambo, na lile jino moja lililobaki bado linakwenda kazini. Mie mwili mzima.

Usishangae kupata barua. Simu nimeifungia kabatini siku arobaini. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kijitabu cha Kocha Revelian, yule anayefundisha watu kujitibu mawazo pale ukumbini Manzese. Tabu, mama anayepika chai hapa stendi, huja Chang'ombe kwa dada yake kila Jumapili. Atakuletea barua zangu na kuondoka na majibu.

Tangu Hope anikimbie, nilikuwa nashinda naangalia picha zake. Silali. Chakula hakina ladha. Juzi dirishani abiria kaniambia Masasi, nikamkatia tiketi ya Mwanza. Kijitabu kina hatua saba na nataka nizijaribu zote.

Mumeo,
Marselino

*

Chang'ombe,
2 Juni 2024, jioni

Mume wangu wa karatasi,

Marahaba. Magoti yanauma, jino lipo, na bado linaweza kukung'ata. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umelewa.

Babu yako alipokufa aliniachia watoto wanne na zamu ya alfajiri kiwandani. Sikumwona kocha. Nilijifunga khanga nikaenda kazini. Leo mwanamume mwenye ndevu anafungia simu kabatini kama mama anayewaficha watoto sukari! Mke mwenzangu kakukimbia, na mimi nilikuambia mapema: mwanamke anayekunja uso akiona kisamvu hakai nyumbani kwetu.

Na huyo Revelian ni daktari wa nini? Watu wa aina yake nawajua, suti moja na maneno gunia zima. Oga, kula, lala. Hizo ni hatua tatu, na sijakudai kiingilio.

Mkeo wa kwanza, asiyekimbia,
Eufrazia

*

Mbezi Luis,
16 Juni 2024

Mke wangu mkali,

Shikamoo. Habari za magoti? Barua yako imenichekesha pale dirishani, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mwezi wa nne.

Kila asubuhi natembea kandokando ya Barabara ya Morogoro kabla ya zamu, na kweli kifua kinafunguka kidogo. Kupumua kwa kuhesabu nako kunasaidia. Kilichonishinda ni kioo. Unatakiwa usimame mbele yake useme "Mimi ni simba" mara ishirini. Mama Auleria, mwenye nyumba wangu, alibisha hodi akauliza, "Wewe, humo ndani unafuga nini?"

Hatua ya sita inataka uwakate watu sumu, wale wanaokudharau. Kocha aliiona barua yako, akasema wewe ndiye wa kwanza kukatwa. Nikamweleza kwamba huyu ni bibi yangu na ni mtani wangu, tangu nizaliwe ananiita mume. Akasema sumu ni sumu, haijali ukoo. Mie sijakukata.

Hope nilimwandikia kwao. Hajajibu.

Mumeo simba,
Marselino

*

Chang'ombe,
16 Juni 2024, jioni

Mume wangu simba wa chumba kimoja,

Marahaba. Magoti yamecheka na mimi. Simba gani anayeogopa mwenye nyumba? Ungesema "Mimi ni mende" angalau Mama Auleria angekuletea dawa.

Mwambie Revelian kwamba mimi si sumu, ni shubiri. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuachisha ziwa kwa shubiri hiyohiyo, na ukakua. Huko kwao hawana mabibi? Mtu asiyeujua utani anawezaje kumponya mtu yeyote? Simwamini, simheshimu, na suti yake siitaki karibu na barua zangu.

Kutembea endelea. Ni kitu pekee cha maana humo kijitabuni, na sisi tulikifanya bila kusomeshwa.

Mkeo shubiri,
Eufrazia

*

Mbezi Luis,
7 Julai 2024

Mke wangu,

Shikamoo. Naamini hujambo.

Niwie radhi, wiki tatu sijaandika. Hope alimtuma kaka yake Allen aje kuchukua nguo zilizobaki. Amesema harudi. Asubuhi sitembei tena, na kioo nimekigeuzia ukutani.

Nimefika hatua ya saba. Inasema umwambie mtu mmoja unayemwamini kile kinachokuuma kuliko vyote. Nakuambia wewe. Nimechoka, mke wangu. Nadhani nitakuacha mjane kabla ya Krismasi. Redio nimempa Ismail wa dirisha la pili, na lile shati la bluu ulilonishonea nimempa pia. Limemkaa vizuri kuliko mimi.

Usivae nyeusi. Haikupendezi.

Mumeo,
Marselino

*

Chang'ombe,
7 Julai 2024, jioni

Mume wangu mtarajiwa wa kaburi,

Marahaba. Mjane! Mbona umechelewa? Ujane naujua, ulinikondesha vizuri nikapendeza. Safari hii sitakaa hata kidogo. Mzee Projestus, karani mstaafu wa nyumba ya tatu, keshaanza kunipigia hodi na ndizi zake za kwao Bukoba. Posa yake nitaipokea kabla arobaini yako haijafika, na nyeusi nitavaa, hata ikinifanya nifanane na sufuria.

Shati la mkono wangu unampa Ismail! Huna adabu. Kumbe hatua ya saba ni kumlilia mwanamke? Huyo kocha wako ni bure kabisa. Mwanamume wa kwetu akichoka hulala, akiamka huendelea. Acha mchezo wa kufa. Jumapili ijayo niandikie jambo la maana.

Mkeo, mchumba wa Projestus,
Eufrazia

*

Chang'ombe,
21 Julai 2024

Mume wangu bubu,

Hujambo? Jumapili mbili Tabu amekuja mikono mitupu. Umenuna? Simba ananuna kwa ajili ya ndizi! Au Revelian hatimaye kakushawishi unikate?

Nikate kama unaweza, lakini andika. Hata matusi nayapokea. Leo nimekipika kisamvu kikaungua, na kosa ni lako.

Mkeo,
Eufrazia

*

Chang'ombe,
28 Julai 2024

Marselino, mjukuu wangu,

Leo sina utani.

Nimemuuliza Tabu habari zako, akashusha macho. Anasema wiki mbili hujanywa chai yake, dirishani unakaa kimya, na jana umempa rozari ya mama yako akutunzie. Nikaenda kuitoa barua yako ya tarehe saba. Nimeisoma upya, safari hii kama barua ya mtoto wa binti yangu na si ya mume wangu. Uliniambia. Uliniambia waziwazi, na mimi nikakujibu kwa ndizi za Projestus.

Miezi miwili namdharau Revelian kwamba haujui utani. Mimi ninayeujua ndiye niliyeshindwa kuona ulipoishia. Najionea aibu, mwanangu, na nimeogopa. Siku ya babu yako sikuogopa hivi.

Nakuuliza: unataka kufa? Ukisema ndiyo sitacheka, wala sitakugombeza. Tutakwenda wote hospitali, nitakaa kwenye benchi hata siku nzima.

Tabu anatangulia na barua hii sasa hivi, na atakaa nawe. Mimi nakuja nyuma yake kwa bajaji ya Venance, anajaza mafuta. Nimeitanguliza barua kwa sababu ukiniona mlangoni bila kuisoma utadhani nimekuja kukutania. Usijibu. Nifungulie mlango tu.

Bibi yako,
Eufrazia

*

Mbezi Luis,
22 Septemba 2024

Kwako wewe uliyerudi Chang'ombe na sufuria yangu,

Shikamoo. Safari ilikuwaje, na magoti yameipokeaje bajaji? Mie nalala saa tano mfululizo sasa. Jana nimemaliza sahani nzima ya wali wa Tabu, naye akaniangalia nikila kama anaangalia mpira.

Sijawahi kukuambia jambo hili. Siku ile nilipoona umeandika "mjukuu wangu," nilidhani kuna mtu amefariki. Maisha yangu yote hujawahi kuniita hivyo. Nilikaa kitandani nikaisoma tena, ndipo nikajua kwamba umenisikia. Ulipofika ukauliza swali lako tena pale mlangoni, nilisema ndiyo, na nilishangaa jinsi neno lenyewe lilivyotoka kirahisi.

Muuguzi Yustina wa pale hospitali naendelea kumwona kila Alhamisi. Dawa nakunywa. Kijitabu alikipitia chote: kutembea akasema endelea, kupumua endelea, kumwambia mtu endelea, na kioo nikitumie kunyolea ndevu. Asubuhi nimerudi barabarani.

Revelian nilikutana naye Manzese. Nikamweleza nilikofika. Akasema nilianguka kwenye hatua ya nne, sikunguruma kwa imani. Sasa ana kijitabu kipya chenye hatua tisa. Nilimtazama ile suti nikaona ulikuwa sahihi, ni moja.

Simu nimeitoa kabatini, picha za Hope nimezifuta. Bado inaniuma. Lakini barua nitaendelea kukuandikia, maana kwenye simu unapiga kelele.

Ismail amerudisha shati. Limefumuka kwapani, na si kosa lake, mishono yako hata kuku angeipangua. Nakuja nalo Jumapili ulishone upya, na safari hii vaa miwani.

Na huyo Mzee Projestus mwambie ale ndizi zake mwenyewe. Mwenye mke yupo.

Mumeo,
Marselino