Koti la Bluu la Baba

4 Juni

Mdogo wangu,
Hujambo huko? Sisi wazima, ila kifua cha baba bado. Daktari anataka atembee hadi kilimani kila asubuhi, ila asipigwe na upepo. Nimemshonea koti zito, bitana ya blanketi. Sasa nasikia umemwahidi koti la dukani kwenu. La nini? Mimi fundi nimekufa?
Dada yako

11 Juni

Shikamoo dada,
Mimi sijambo, kazi tu. Usinikasirikie. Wapanda milima nawauzia nguo kila siku. Koti zito litamtoa jasho akipanda, na akishuka upepo utamkuta amelowa. Avae fulana isiyoshika jasho, sweta jembamba, na juu koti jepesi lisilopitisha upepo. Kitambaa kijaribu hivi: kiweke mdomoni, upulize. Pumzi ikipita, na upepo utapita. La bluu nimeshalituma.
Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,
Habari za kazi? Koti limefika, jepesi kama ganda la kitunguu. Baba halivui hata mezani, na kila mgeni lazima alishike. Langu limetundikwa nyuma ya mlango, hata paka haligusi. Wivu unanichoma, wala sifichi.
Dada yako

20 Julai

Shikamoo dada,
Mbona kimya? Nimempigia baba simu, anakohoa tu, eti hatembei tena. Kuna nini? Niandikie, tafadhali.
Mdogo wako

19 Agosti

Mdogo wangu,
Nisamehe kukaa kimya. Baba sasa hajambo, kifua kimetulia.

Koti lako nililiharibu mimi. Baba alipolala mchana nililitia bitana ya blanketi, nikajidai namwongezea joto. Uongo mtupu! Nilitaka liwe langu. Akapanda nalo, akalowa chapachapa, akarudi anatetemeka. Wiki tatu kitandani. Nikafumua bitana, nikapuliza kama ulivyosema. Pumzi ikapita kwenye matundu ya sindano yangu. Nililia, mdogo wangu.

Basi nikazunguka maduka ya vitambaa nikipuliza kila jora, wauzaji wakadhani nimerukwa na akili. Nikapata kitambaa cha miavuli, bluu ileile. Lako nikalifumua kipande kwa kipande, nikakata kwa kulifuata, nikashona jipya. Safari hii sikuongeza kitu. Baba anadhani ni lilelile lako, nimetoa bitana tu.

Jana amefika kilimani na kurudi, mgongo mkavu. Majirani wakamzunguka kumpa hongera. Akaivuta kola: "Huyu binti yangu wa mbali, huyu! Ndiye anayejua baba yake anahitaji nini."

Mdomo uliniwasha, we acha tu. Lakini nikisema nimelishona mimi, itabidi niseme na lako lilikwenda wapi, na hatavaa tena nguo iliyopita mkononi mwangu. Nikaingia ndani nikamchemshia maji ya kuoga.

Usimwambie. Nataka mtu mmoja tu ajue ni langu, na nimekosa mwingine wa kumwambia ila wewe.
Dada yako