Sanduku la Kukaushia Ndagala

Uvira, 9 Juni

Furaha, mjukuu wangu,

Huku tuko wazima. Tangu babu yako atutoke, shangazi yako analala kwangu. Unauliza kama useme mbele ya konferanse, huo mkutano wenu wa watafiti, kwamba jiko lako la jua limeshindwa, au unyamaze.

Nilipokuwa msichana, mtafiti mmoja alileta parokiani sanduku la kukaushia kwa jua ndagala, visamaki vyetu vya ziwani. Kesho yake alipolifungua mbele yetu, zilikuwa zimeoza. Muuza samaki mmoja akamwambia, “Weye, hizi utakula na nani?” Tukacheka. Naye akacheka, kisha akasema, “Sijui nimekosea wapi, mama. Nitatafuta.”

Aliporudi na sanduku lingine, tulijaa ukumbini mwa parokia mpaka madirishani. Mtu aliyetuonyesha ndagala zake mbovu, tulijua hatatudanganya kuhusu nzuri.

Utakaposimama huko, unikumbuke.

Koko wako