Mchi Nimeuficha

Sihaba,

Mchuzi wa kamba upashe moto, mle na wali. Mchi wa kinu msiutafute, nimeuficha. Asubuhi ulipokuwa unatwanga mpunga, kila ukiushusha ulikuwa unatua kichwani kwangu, ndiyo nikakunyang'anya na kukutukana mbele ya wenzio. Nisamehe mwanangu.

Mwambie bibi yako awazuie wapiga ngoma aliowaita kunipunga majini. Mwaka wa tatu kichwa kinagonga, halafu anipigie na ngoma? Siku hizi hata kikitulia sina raha, nakaa nakisubiri.

Nimekwenda hospitali Kibiti. ~~Sirudi leo.~~ Narudi jioni, niende wapi.

Usidhani nawakimbia. Kichwa kingekuwa kinaachika, ningekiacha hapa mezani nikaenda peke yangu.

Mama yako