Kadi Niliyoitia Sahihi

Otahuhu, Auckland
9 Juni

Dada yangu Latai,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walio chini ya paa lako huko Ha'apai. Goti lako linasemaje na baridi hii? La kwangu la kushoto limegoma kabisa; kanisani nasimama wakati wenzangu wanakaa. Vinginevyo ni mzima, chakula kinapita, na mke wangu Fusi anasema mikeka uliyotuma imefika yote bila kulowa.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma mara tatu. Unasema mjukuu wako Losaline, aliye mwaka wa mwisho Shule ya Meno kule Suva, amekuja likizo na kumkuta baba yake ana kidonda pembeni ya ulimi, na mwezi wa pili huu hakiponi. Mwanao Sitiveni hataki kupanda meli kwenda hospitali ya Nuku'alofa kwa ajili ya kidonda cha ulimi. Losaline anataka kumkagua mwenyewe, lakini shangazi zake wamekuja juu: mtoto hamgusi baba yake kichwa, na wanamtajia yaliyompata marehemu baba yetu baada ya mimi kumshika. Wewe umewanyamazisha wote mpaka upate neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kufanya hivyo. Neno langu utalipata, dada. Nivumilie tu nianzie mbali, maana katika miaka hamsini na mitatu hatujawahi kuzungumza habari za chuo.

Tulikuwa sita, wanafunzi wa kwanza wa meno. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa kichanga, hata bango la jina lilikuwa la maboksi, na mvua ya Suva ikalila wiki ya kwanza. Tulipewa banda la mbao lililoachwa na jeshi. Upande huu sisi, upande ule Shule ya Famasia, katikati ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini. Wao walichemsha dawa za kikohozi, sisi tulikuwa na mafuta yetu ya karafuu, na harufu zikakutana juu. Mpaka leo nikisikia karafuu kwenye keki ya Krismasi, naona lile banda. Wasichana wa Shule ya Uuguzi walikuja kila Alhamisi kusoma mifupa, kwa sababu shule zote tatu zilikuwa na kiunzi kimoja cha mtu. Walikiita Mjomba. Kilisafirishwa kwa toroli kutoka banda hadi banda, na mvua ikinyesha Mjomba ndiye aliyepewa mwavuli, sisi tukalowa.

Mashine yetu ya kutobolea meno ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Mmoja anatoboa, mwingine anakanyaga. Mwenzangu alikuwa Apisai, Mfiji wa Kadavu, mwenye mapaja kama nguzo za nyumba. Yeye hakuweza kukanyaga bila kuimba nyimbo za kanisani, na wimbo ukipoa, mashine nayo inapoa, mgonjwa anaanza kulia. Mwalimu wetu, Daktari Haddow wa Dunedin, alikuwa akipiga kelele kutoka chumba cha pili, "Apisai! Chagua wimbo wenye haraka, mtu anateseka humo!"

Tulitaniana mchana kutwa. Apisai alisema sisi Watonga tunaogopa vichwa vya watu kama vile ni mayai. Sasa meno tutayang'oa kupitia wapi, miguuni? Nikamjibu kwamba kwetu vichwa vina kitu ndani, ndiyo maana vinaheshimiwa. Lakini yeye pia, kama sisi sote tuliotoka visiwani, kabla ya kunyoosha mkono juu ya kichwa cha mgonjwa alikuwa akiinama na kuomba radhi, "Tulou." Mwanzoni Haddow alikereka. Alisema kwa mtindo huo tutamaliza wagonjwa wanne kwa siku. Mwaka wa pili nilimsikia kwa masikio yangu, anamwinamia mama mmoja wa Rewa na koleo mkononi, naye anasema tulou. Hatukucheka. Apisai alinikanyaga tu mguu.

Ila Haddow alikuwa na sheria moja isiyokuwa na mzaha. Kabla jino halijang'olewa, mwanafunzi wa zamu ya ukaguzi aingize kidole kinywani na kupapasa kila mahali: mashavu, ufizi, ulimi, na chini ya ulimi. Kisha aandike kwenye kadi kwamba kinywa kizima kimekaguliwa, atie sahihi. Anayeng'oa haangalii tena. Anaiamini kadi.

Baba alikuja mwaka wangu wa mwisho, na wajumbe wa mkutano wa kanisa. Unakumbuka alivyoondoka na gego linamuuma, shavu limefungwa kitambaa. Asubuhi ile zamu ya ukaguzi ilikuwa yangu, ya kung'oa ilikuwa ya Apisai. Baba aliingia na mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni kama anayekwenda kumwona mfalme, akaketi kwenye kiti. Akaniona nimesimama tu. Akasema taratibu, "Fanya kazi yako, mwanangu. Hapa mimi ni mgonjwa kama wagonjwa wengine." Akaegemeza kichwa, akafumba macho, akafungua kinywa.

Na hapa ndipo pa kukuambia, Latai. Sikumgusa.

Nilisema tulou. Nikanyanyua mkono, ukafika usawa wa sikio lake, ukakataa kwenda mbele. Wagonjwa mia tatu walikuwa wamepita mikononi mwangu, lakini huyu alikuwa mtu ambaye, kwa kumheshimu, sikuwahi hata kula alichobakisha kwenye sahani. Nikarudi nyuma. Nikachukua kadi, nikaandika kwamba kinywa kizima kimekaguliwa na hakina dosari, nikatia sahihi. Kisha nikasema, "Tayari, baba."

Akafumbua macho, akanitazama. Alijua, dada, mtu anajua kama ameguswa au la. Akasema, "Asante, daktari." Yeye ndiye wa kwanza duniani kuniita hivyo. Apisai akaja, akasoma kadi, akang'oa jino lililouma, akamuaga.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye mkamzika, na ule uvimbe ulianzia chini ya ulimi. Mliniandikia kwamba alirudi nyumbani akitamba kwa kila mtu: mwanangu amenikagua kwa mkono wake. Alinifichia aibu yangu, na maneno hayohayo watu wakayageuza, wakasema Inoke alishika kichwa cha baba yake, ndiyo maana kinywa kikaoza. Nilisikia kwamba kabla ya maziko ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema kaka yako alifanya kazi ya daktari na hana kosa. Kwa sababu ya maneno yako hayo sikuja mazikoni, na ndiyo sababu nikabaki huku. Ulidhani nawakimbia wanaonilaumu. Nilikuwa nakukimbia wewe uliyenitetea.

Je, kidole changu kingemwokoa? Sijui. Hapa Auckland nimewatuma hospitali watu wenye vidonda kama kile, wengine wakapona, wengine la. Nimefanya kazi miaka thelathini na minane, na hakuna kinywa nilichopitisha bila kukipapasa. Cha baba peke yake.

Kwa hiyo wasimtishe mtoto kwa jina langu. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeheshimu kichwa cha baba, na mnajua kilichofuata. Losaline amkague baba yake siku hiyohiyo utakaposoma barua hii. Sitiveni ataweza kuwakatalia watu wote isipokuwa mama yake, kwa hiyo kaa hapohapo mpaka amalize. Akikuta pagumu, au panatoka damu, Sitiveni apande meli, hata kama ni ya mizigo. Na hao shangazi waambie yote niliyoandika. Sikuombi unifichie; nimefichiwa vya kutosha.

Ningeweza kupiga simu, lakini mambo ya namna hii mimi na wewe hatujawahi kuyasema ana kwa ana, na sidhani tungeanza vizuri kwenye simu. Mchungaji Lisiate anapanda ndege kesho kuja huko, nimemwomba aiweke barua hii mkononi mwako kabla ya Jumapili.

Fusi anakusalimu sana, na watoto wote. Nisalimie Sitiveni kwa upole, asijue kwamba naogopa. Na unisamehe, dada, ukiweza. Usipoweza, bado niandikie, hata mstari mmoja tu, Losaline ameona nini.

Ni mimi kaka yako,
Inoke